Sogea, Hapo Pana Mtu

Dada yangu Doto amebatizwa leo Luchelele,
ziwa likimfika kifuani,
magugumaji yamesukumwa kando kwa kasia.
Ni mara ya tatu.
Ya kwanza alikuwa mchanga, hakuulizwa.
Ya pili kwa Wasabato, mwaka ule alioachika;
akakataa kambale, samaki asiye na magamba,
mama akasusa chungu chake siku mbili.
Leo amezamishwa wote, akaibuka akikohoa,
nami ufukweni nimeshika kandambili zake.

Mimi ni karani wa mizani, Mwaloni Kirumba.
Dagaa napima na gunia, kisha natoa uzito wa gunia.
Jambo lisilo na kilo silielewi upesi.
Niliwahi kumwambia: Doto,
hofu ndiyo mchungaji wa kwanza.
Mtu akiwa gizani, bati likagongwa,
atauliza ni nani, hatauliza ni nini.
Miungu yote imepitia hapo,
kwenye hilo nani.
Akanijibu huku akichambua mchele:
"Na wewe siku ukigonga,
ungependa uulizwe lipi?"

Walizaliwa wawili. Kulwa akatangulia,
akatangulia tena, kwa surua, wana miaka minne.
Hatukusema amekufa. Tulisema amevuka Ukerewe.
Basi Doto akawa anapanda jiwe nyuma ya nyumba,
Bugarika, kila meli inaporudi,
kuhesabu abiria asioweza kuwaona.
Usiku alilala kulia mwa mkeka,
kushoto akaacha pengo la kimo cha mtoto,
na ukijitupa pale kwa usingizi
ulikutana na kiwiko:
"Sogea, hapo pana mtu."

Sijui nani alimfundisha kusali.
Nadhani ni pengo.
Lilikuwepo tayari, na upande wake, na adabu zake,
na masikio.
Padri alilipatia jina,
Wasabato wakalipatia siku,
hawa wa hema la Igoma wamelipatia vipaza sauti.
Lenyewe halijaongezeka wala kupungua.

Baada ya maji tuliketi benchini chini ya turubai,
chai ya rangi, maandazi ya jana.
Niliketi kushoto kwake, si karibu.
Nilikuwa na swali langu la mizani:
ukitoa huzuni, Doto, ukitoa gunia,
inabaki kilo ngapi?
Maji yalikuwa bado yanamdondoka masikioni.
Nikanywa chai.

Mzee wa kanisa akaja na sahani yake,
akataka kupenya katikati yetu,
na mkono wangu, sijui ni nani aliyeutuma,
ukawa umeshafunika ubao.
"Samahani, mzee. Hapo pana mtu."

Doto hakugeuka.
Alitafuna andazi lake mpaka likaisha,
kisha akaomba kandambili.