Miche Kumi na Miwili

Fomu namba tatu imekunjwa mara nne
ndani ya leso, ndani ya kikapu, chini ya mlenda mkavu.
Katibu wa baraza alipoipiga muhuri alisema,
"Loi, mlango wa mahakama huo,
ila mkitaka kukaa tena, Alhamisi nipo."
Akaongeza kwamba wino wa muhuri kaununua kwa hela yake.

Alhamisi ni leo. Upepo wa Hombolo
umeamka kabla yangu, unafagia uwanja wa kata
na kuurudishia vumbi lilelile.

Dada yangu Foibe alikwenda mahakamani.
Alishinda. Niseme ukweli, alishinda:
nyumba ya Kizota, vyumba viwili, na cherehani.
Lakini faili lilipotea mara mbili,
na kila tarehe iliyoahirishwa ilidai nauli,
mbuzi wa kwanza, mbuzi wa pili,
mpaka zizini zikabaki kamba.
"Vita vya panzi," huniambia,
"ila mimi panzi nilitoka na bawa."
Sijui kama ananionya au ananituma.

Na kabla ya hakimu, Foibe naye alipita barazani.
Wakamwambia vumilia, mama,
jicho likiwa bado limevimba.
Kwa hiyo neno suluhu halinilevyi.
Suluhu ya mwenye hofu
ni kunyamaza vizuri kwenye kiti cha plastiki.

Ila mimi Yaredi simwogopi.
Hajawahi kuniinulia mkono.
Aliinua mguu tu, akaenda Mtumba
kujenga maofisi ya serikali,
akawa anarudi Pasaka na Krismasi
na simu inayolala kifudifudi.

Basi nikaingia.
Katibu akachora mstari katikati ya karatasi.
Yaredi akaanza: ekari moja na nusu, pampu ya sola,
bati thelathini, baiskeli,
miche mia nne ya zabibu.
Mia nne. Kama mtu anayesoma risiti.

Nikasema, mia nne na kumi na miwili.

Akacheka kidogo. "Nilipanda mwenyewe, Loi."

Ulipanda, ndiyo. Lakini mwaka ule wa jua kali,
wewe ukiwa juu ya jukwaa la mbao unapiga lipu ukuta wa watu,
niliomba pingili kwa mama Chilongani,
nikazichomeka ng'ambo ya mfereji,
ndoo kichwani, Nyemo mgongoni,
asubuhi ndoo sita, jioni ndoo sita.
Nilichomeka ishirini. Minane ililiwa na mchwa.

Mahakamani ningeulizwa, shahidi yuko wapi?
Shahidi ni ndoo.
Shahidi ni Nyemo, alikuwa na miezi saba.
Hapa hakuna aliyeuliza.
Palikuwa na nzi, na kalamu ya katibu imesimama hewani.

Kisha Yaredi, macho kwenye viatu vyake:
"Hiyo kumi na miwili sikuijua."

Haikuwa pole. Pole sikuisikia.
Lakini tangu mavuno ya uwele ya mwaka juzi
hilo ndilo neno la kwanza kutoka kwake
ambalo sikulazimika kuligeuza kuangalia upande wa pili.

Tutaachana. Talaka ataitoa hakimu,
hilo haliandikwi na katibu wala na mimi.
Ila nataka tumfikie na karatasi moja yenye saini mbili.
Nyemo atakaa kwangu, shule ikifungwa ataenda kwa baba yake.
Miche ya ng'ambo ya mfereji ni yangu,
imeandikwa, nimeisoma, nikasoma tena.
Bati, nusu kwa nusu.
Pampu tumeigombania mpaka saa saba mchana,
katibu akapiga mwayo, tukaiacha hadi Alhamisi ijayo.

Narudi nyumbani kwa miguu.
Fomu sijaichana.
Nimeihamisha tu,
imetoka chini ya mlenda, sasa iko juu.