Pindo la Kanga

Wingu limevuka ziwa kutoka Kongo,
paneli za Mwandiga zikafumba macho saa nane mchana,
na papo hapo Ntahondi kachomeka pikipiki,
madumu manne ya mawese yangali yamefungwa nyuma.

Betri kubwa haipendi kushtuliwa.
Hutoa kama mama alivyotoa maharage ghalani:
kwa kibaba, kwa hesabu, akiuwaza mwezi wa Machi.
Ya ghafla aliyaweka pindoni:
noti iliyokunjwa, ya zahanati usiku.

Nami nimeifungia betri pindo,
kapasita sita ndani ya mkebe wa biskuti.
Hujaa upesi, hutoa upesi,
hazijui kulimbikiza.

Mshale umetikisika, ukatulia.
Ntahondi hakuona kitu.
"Bei ileile?"

Ileile.