Kifudifudi

Kitabu cha katuni, hakina jalada, nilikinunua Kibuye
kwa chenji ya unga niliyomficha mama.
Enzi hizo nilifuata ngumi tu:
Okumbe juu ya mabati, majambazi chini,
puu! Nafunua, nafunua.

Leo Manyatta stima zimepotea.
Apondi amelala. Nakisoma kwa tochi ya simu,
taratibu, kama mtu anayechambua mchele,
na ukurasa wa tisa, nyuma ya shujaa anayekula,
namwona mama yake.
Hana kiputo cha maneno.
Sahani yake imelazwa kifudifudi.

Narudi nyuma. Wa nne: kifudifudi.
Wa saba, wenye mapigano niliyoyapenda: kifudifudi.

Pembeni mwa karatasi pana doa la mchuzi wa omena.
Ni langu.
Nilikuwa nikisoma huku nakula.