Penseli Pembeni mwa Ratiba

Fomu mia moja arobaini na tatu,
zimefungwa kwa uzi wa katani kwa kuwa lastiki zimekwisha,
na mimi, mtaaluma, Semkiwa wa Chumbageni,
nina manila moja, rula yenye pengo kwenye sentimita ya saba,
na siku tano kabla ya kengele ya Januari.

Juu ya fomu pameandikwa: Chagua.
Neno jepesi. Aliyelipiga chapa
hakuwa na mwalimu mmoja tu wa Fizikia,
hakuwa na maabara ya stuli ishirini na nane,
wala hakujua kuwa mwalimu wetu wa pili wa Baiolojia
kahamishiwa Handeni kwa barua ya mistari miwili.

Nasoma.
Mmoja kaandika Historia; juu yake,
kwa wino mwingine, mkono mzito zaidi: DAKTARI.
Mwingine: Popote atakapokuwa Eshe Mkanga.
Mwingine kaomba Muziki, ambao hatuna,
chaguo la pili Muziki,
la tatu kachora zumari.
Na Mwantumu Semhando, penye "Sababu", katunga:

   Fizikia ninataka, mwalimu usinitoe,
   Historia naishika, hilo lisiwapotoe,
   Umeme ukikatika, nyumba yetu niokoe,
   Jina nimeliandika, kwa wino, usiling'oe.

Nikahesabu mizani kwa vidole. Imetimia.
Nikamtia Fizikia, mtu wa ishirini na tisa;
atakalia kreti la soda.

Ratiba ni shuka fupi:
ukifunika kichwa cha Tatu A, nyayo za Tatu B ziko nje.
Ijumaa sharti tumalize mapema, watu waende kuswali.
Nahamisha Jiografia, inaikanyaga Kemia.
Nahamisha Kiswahili, na mimi mwenyewe
naonekana vyumba viwili saa ile ile.
Nafuta. Manila imeanza kuota manyoya.

Usiku wa nne, kabaki mmoja.
Kibwana Singano, wa Makorora,
kataka Kemia na Uwekaji Hesabu,
na hayo mawili yanalala kitanda kimoja,
Jumanne, kipindi cha tatu,
tangu kabla sijaja shuleni hapa.
Penye "Sababu" kaandika bila nukta:
mama anapika sabuni ya mafuta ya nazi
mara inaganda mara haigandi
na ikiganda hela haionekani

Basi. Hakuongeza.

Ningeweza kumwita nimwambie, chagua moja, mwanangu.
Nimewaambia hivyo watoto kwa miaka kumi na moja
na sauti haijawahi kunikwama.
Lakini nimwondolee lipi?
Sabuni isiyoganda, au hela isiyoonekana?

Saa nne usiku nikampigia Bi Eliapenda Shemweta, wa Hesabu,
anayestaafu Juni, anayekaa Pongwe.
Nikaeleza, nikazunguka, nikaomba radhi mara mbili.
Kimya. Nikasikia kifuniko cha sufuria.
"Mie nafika shule saa kumi na mbili na nusu kila siku, Semkiwa.
Wewe tu ndiye hujui."

Asubuhi nikaibandika ukutani kwa uji wa muhogo.
Tatu B wana Hisabati vipindi viwili mfululizo, jua la utosi;
watanilaani, na haki wanayo.
Mwenye zumari nimempa Kilimo.
Nikikutana naye koridoni nitatazama viatu vyangu.

Miraba yote imejaa. Hakuna mraba
wa saa kumi na mbili na nusu.
Kwa hiyo pembeni, nje ya mstari,
nimeandika kwa penseli herufi mbili, K.S.,
na mkaguzi akija, akainua miwani,
akauliza hii nayo ni nini,
nitamwambia: sabuni.