Wanasema Inakuja Mpya

Zimeanza tena. Safari hii zimeanzia kinyozini kwa Haskew,
nje ya lango la kambi, hapa Kansas, upepo ukipiga vioo:
jeshi linabadilisha bastola.
Mteja mmoja kaambiwa na shemeji yake,
shemeji humwendesha mtu aliyebeba faili,
na faili, haki ya Mungu, lilikuwa jekundu.

Kufika adhuhuri faili limeshakuwa bastola,
ina rangi ya mchanga,
inameza risasi kumi na saba.
Jioni, kwenye foleni ya chakula, zimefika ishirini na moja.
Lisemwalo lipo, walisema wahenga.
Hawakuwahi kula kwenye bwalo hili.

Mimi ni mtunza silaha. Nimekaa nyuma ya wavu wa chuma
miaka kumi na tisa, na daftari, na chupa ya chai.
Basi wananijia mimi,
kana kwamba dohani hujua kinachopikwa chini yake.

Sajini Treviño anataka ile kubwa irudi, ya arobaini na tano.
"Babu yangu aliibeba. Ukimgusa mtu kidole cha mguu,
anakwenda chini mzima mzima."
Babu yake nilikutana naye, sikukuu ya mashujaa.
Alikuwa karani wa mishahara.

Luteni Ostrander, vidole vifupi kama vyangu,
hana haja na babu wa mtu.
Anataka mpini anaoweza kuufumbata.
"Waliipima kwa mikono ya nani?"
Wote wanaangalia viganja vyake,
halafu, mmoja mmoja, vya kwao.

Pruitt hataki kizuizi cha usalama:
kitufe kimoja ni nusu sekunde, na nusu sekunde ni roho.
Bila kitufe, anajibiwa, utajitoboa paja ukiwa msalani.
Wanacheka. Wanabishana mpaka kahawa inafanya utando.
Kiwanda kimeshashinda, anasema mmoja, seneta ana kura za kulinda.
Hapana, ni Waitaliano tena. Hapana, Waustria.
Hapana, hakuna chochote, hawana hata hela za kubadilisha soksi.

Kisha Treviño ananigeukia:
"Wewe unazijua. Ipi humsimamisha mtu?"

Namba yake inaishia na nne, moja, saba.
Rafu ya tatu. Weusi umekwanguka mdomoni
kwa kuingia alani na kutoka, kuingia na kutoka,
zamu za lango, miaka yote hiyo.
Haijavuka bahari. Haijawahi kukwama.
Wanaosema springi zake zimechoka
waje wasome daftari langu.

Desemba ile Dale Vossler alisaini saa kumi na moja alfajiri,
mwandiko mzuri, wa mkono wa kushoto.
Tulizungumza juu ya barafu barabarani.
Akaniuliza kama kweli mpya inakuja.
Nikamwambia, kijana, hata wewe?
Akacheka. Nilikwisha kuanza kumhudumia aliye nyuma yake.

Maegesho ya mnara wa kaskazini. Gari lake. Theluji.

Wachunguzi waliirudisha ndani ya mfuko,
pamoja na fomu ya kurasa tatu.
Kwenye mstari wa hali ya silaha
niliandika: nzuri.
Nikakaa nikiliangalia neno hilo
mpaka taa ya ukumbini ikajizima yenyewe.

Sikumjibu Treviño. Nilichukua kitambaa,
nikafuta kaunta iliyokuwa safi.
Wakatazamana.

"Mmeona?" akasema taratibu, wakitoka,
"Ameapishwa. Hawezi kusema."

Kesho kwa Haskew itakuwa hivi:
mtunza silaha ameiona kwa macho yake.
Rangi ya mchanga.
Ishirini na tatu.