Tangulia Wewe

Mezani petu Duluth, pale penye kiti cha tatu,
faili limekaa. Linakula nasi.
Lina rangi ya haradali na doa la kahawa,
na mgongoni Arvid aliliandika jina
siku mkono wake ulipokuwa bado unamtii.

Ndani mna bima ya serikali,
iliyomsubirisha miezi ishirini na minne
kana kwamba maradhi nayo yangekaa kwenye benchi.
Mna bima yangu mimi, ya kiwanda cha milango,
inayokatwa katika mshahara kabla sijauona.
Na mna ile ya kinu cha karatasi alikofanya kazi,
inayomlipa fidia ya ulemavu kwa jicho moja,
jicho la pili limeingia mfukoni mwetu, linatafuta.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana
ziumiazo nyasi.
Hawakusema neno juu ya fahali wawili wastaarabu
wanaokutana mlangoni na kuvuliana kofia:
"Tangulia wewe."
"Hasha, tangulia wewe."
Na nyasi zinaletewa bili.

Dola mia tisa na kumi na mbili, picha ya ubongo.
Nimepiga simu. Kinanda kile kile, dakika arobaini;
nimeosha vyombo, nimeviosha tena.
Kisha kijana mwenye sauti ya juzi:
"Mama, kiwandani kwenu mko wafanyakazi wangapi?
Mkiwa mia au zaidi, bima yako hulipa kwanza.
Mkipungua, serikali hutangulia."

Basi wiki ile nikawa karani wa sensa.
Nikahesabu vichwa saa ya chakula, kijiko mdomoni:
wapaka rangi, wafunga bawaba,
ndugu wawili wa kina Lindquist wasiosemezana,
nikawahesabu wawili hata hivyo.
Mia na tatu.
Nikamwongeza Orrin, yuko nyumbani na goti lake.
Mia na nne.
Sijapata kuwapenda wenzangu kiasi kile.
Hata Verna, asiyeitikia salamu,
nilimsogezea chumvi:
usistaafu, Verna. Kaa. Nune. Uishi.

Hayo ni ya sasa. Ya mwaka juzi ni mengine.
Serikali ilipokubali hatimaye kwamba ni mgonjwa
ilimlipa miezi kumi na minne kwa mkupuo, Jumanne.
Tulinunua tairi mbili za theluji na samaki wa kuvuta moshi,
tukakaa tunatazamana kama watu walioiba.
Alhamisi barua, ile ya jicho moja:
*Walichokupa wao, sisi tulikwisha kukupa. Rudisha.*
Hesabu ilikuwa sahihi. Nimeirudia kwa kalkuleta,
nimeirudia kwa vidole. Sahihi kabisa,
na tairi zilikwisha fungwa.
Arvid akacheka. Uso wake siku hizi haucheki,
ugonjwa umeupiga pasi;
kicheko chake nakisoma mabegani.

Leo kuna fomu mpya. Ya kuwaambia hawa
kwamba wale wapo, na wale kwamba hawa wapo,
kana kwamba hawajuani,
kana kwamba hawakukutana kwetu Alhamisi ile.
Jina lake, jina langu, namba, namba.
Kisha: *Tarehe uliyoacha kufanya kazi.*

Alishika kalamu akatulia. Dirishani
njia ya kwenda kwenye gari ilikuwa nyeupe na safi pembeni;
ameikwangua mwenyewe alfajiri, kwa koleo,
saa nzima, kazi ya dakika kumi.
"Sijaacha," alisema.
Nikamwambia wanataka tarehe tu, Arvid.
"Basi waulize wao walioacha."

Pale penye tarehe pamebaki vidoa vya wino,
mkono ulipotua na kuruka, kutua na kuruka.
Sikuvifuta.
Nimebandika stempu, nimevaa buti.
Wakipiga simu kuuliza,
nitawaomba wasubiri kidogo,
nitawawekea kinanda.