Kifaru wa Zambarau

Nilimjua kwanza katika banda la video la Gathogo, Bondeni,
enzi ambazo kiingilio kilikuwa shilingi tano
na kanda imechakaa hata mvua ya filamu
ikinyesha kwenda juu.
Kifaru mtoto, rangi ya zambarau.
Zambarau! Na hakuna aliyeuliza.
Mama yake alipobebwa na mto
nyusi zake zilipanda zikatoka nje ya kichwa,
zikaning'inia hewani kama mabano mawili,
chozi likamdondoka, kubwa kama limau,
kisha akafungua kinywa akaimba,
nasi wavulana sugu, wa kuchapwa kila wiki,
tukapangusa kamasi kwa mikono ya shati
tukisingizia moshi wa taa.

Nilimwongeza Gathogo shilingi mbili aisimamishe kanda.
Picha ikatetemeka kama mtu mwenye homa,
nami nikachora upesi, nyuma ya mfuko wa unga,
kabla mashine haijapata moto.
Hiyo ndiyo shule niliyosoma.
Mkono huu unaoandika HOTELI, KINYOZI, USIKOJOE HAPA,
mwalimu wake alikuwa kifaru anayetetemeka.

Juzi nikampeleka Nekoye, binti wa dada yangu,
akamwone yuleyule, aliyeundwa upya kwa kompyuta.
Bisi kwa bei ya kilo mbili za sukari.
Taa zikazimwa.
Jamani, kazi ipo, sitakuwa mchoyo wa sifa:
kila mkunjo wa ngozi ulikuwa mahali pake,
kupe wa sikioni walikuwa na miguu,
na vumbi – sisi wa Nakuru vumbi tunalijua,
tumelila, tumelifua, tumelifagia likarudi kabla ya fagio –
vumbi lile lilikuwa la kweli hata nikafikicha macho.

Mto ukaja. Mama akaenda na maji.
Nikaegemea mbele, nikizingoja nyusi.
Kifaru hana nyusi.
Aliutazama mto kama anayetazama ukuta.
Wimbo ukaingia, uleule, kwa sauti tamu kuliko ya zamani,
naye anatembea tu, mdomo unafunguka na kufumba,
kama mtoto aliyetumwa dukani
anayejikumbusha njiani: chumvi, chumvi, chumvi.

Wa kweli nimewahi kumwona.
Nilikuwa napaka kibao karibu na ua wa hifadhi, upande wa Lanet,
akatokea vichakani, hatua thelathini, waya katikati yetu.
Ngazi ilianza kutikisika; kumbe ni mimi.
Alinitazama kwa jicho dogo
lisilo na chuki, lisilo na huruma, lisilo na habari.
Akanya. Akaenda zake.
Kwa hiyo naweza kuapa: wamempatia.
Ni yeye hasa.
Na huyo hajawahi kuniimbia.

"Umeipenda?"
"Sana, mjomba."
"Na yule wa ukutani kwenu chekechea, niliyemchora mimi?"
Akafikiri, akilamba chumvi ya bisi vidoleni.
"Yule si ni wa watoto."
Ana miaka saba.

Jumatatu Bi. Moraa wa chekechea akapiga simu:
ukuta umebambuka, fundi, wazazi wanataka mwingine,
kama wa sinema, asiwe na rangi za ajabu.
Elfu nne na mia tano, rangi juu yao.
Mwenye nyumba hapokei kodi kwa maoni.

Nikachukua msasa.
Nilianza na mkia, nikapanda mgongoni, nikashuka miguuni,
nikanywa chai, nikazunguka masikio,
na nyusi nikaziacha mpaka saa kumi,
watoto walipokwisha kuondoka.
Kisha nyeupe, nyeusi, kahawia tone moja,
mikunjo nikaipiga mmoja mmoja kwa brashi ya kuandikia majina.
Asubuhi walisema ni wa kweli kabisa.
Mmoja alikataa kupita karibu naye.

Nimenawa kwa mafuta ya taa, kwa sabuni ya kipande, kwa majivu.
Leo ni Jumamosi.
Chini ya kucha bado zambarau.